Magadi ya Mama Anjela

Pale Nangara, ukitaka kujua kama mwanamke wa kifugaji anajua kazi, usihesabu ng'ombe wa mumewe. Nusa kibuyu chake. Vibuyu vya Martina, mke wa Samweli Gidamanyega, vilikuwa na sifa iliyofika mpaka Maisaka kwa wenye migahawa. Ukifungua kimoja, harufu ya moshi wa mzeituni pori inakufikia kabla hujainama. Maziwa aliyoyabeba asubuhi, jua likianza kuuma utosini, yalifika kwa mteja yakiwa kama yamekamuliwa sasa hivi. Wengine walibeba kwenye madumu ya plastiki na kurudi nayo yamekatika. Yeye hakurudi na kitu isipokuwa vibuyu vitupu na porojo za mjini.

Kazi hiyo alifundishwa na mama yake huko chini ya mlima Hanang, kabla hajaolewa. Kibuyu unakiosha kwa maji ya moto. Unakisugua ndani kwa kijiti kilichofungwa nywele za mkia wa ng'ombe, unatia kijinga cha moto, unatikisa, unasugua tena, unapangusa majivu. Kikinuka, unarudia. Kikinuka tena, unaongeza moto. "Maziwa yakiharibika," mama yake alikuwa akisema, "usimlaumu ng'ombe." Shuleni Martina aliishia darasa la nne, na mengi ya darasani yalimtoka. Hilo la mama yake halikumtoka hata siku moja.

Kwa hiyo ile damu ilipoanza, alidhani anajua la kufanya.

Ilianza kidogo tu. Samweli alikuwa amerudi kutoka malishoni alikokaa na ng'ombe kipindi chote cha kiangazi, na asubuhi yake Martina aliona madoa kwenye kanga. Siku zake za mwezi zilikuwa zimepita muda si mrefu, na nyingine zilikuwa bado. Akajiambia ni uzee unabisha hodi. Lakini kila alipolala na mumewe damu ilitoka, na baadaye ukaja ute wenye harufu asiyoijua, na maumivu chini ya kitovu kama mtu anayevuta kamba polepole.

Mwanamke mwingine angeweza kujidanganya kwa muda mrefu. Martina hakuweza, kwa sababu alikuwa ameshaiona njia hiyo ikipitiwa na mtu mwingine. Dada yake Hellen, aliyeolewa Sigino, alianza hivyohivyo: damu isiyo na wakati wake, harufu, maumivu. Alikaa kimya mpaka siku aliyoshindwa kusimama. Walipompeleka hospitali waliambiwa ni saratani ya mlango wa kizazi, na kwamba imeshasambaa. Walimzika kabla mahindi ya mwaka ule hayajavunwa. Martina ndiye aliyemuosha Hellen wiki zile za mwisho, na ile harufu hakuwahi kuisahau.

Sasa alidhani ameikuta kwake mwenyewe.

Hakumwambia mtu. Alifanya alichofundishwa: kitu kikinuka, osha. Alianza na maji ya uvuguvugu na chumvi. Harufu ilipotea asubuhi, ikarudi jioni. Akaingia kwenye sabuni ya kufulia. Ikarudi. Akachukua magadi, yaleyale ya kulainishia makande, akayeyusha kwenye beseni, akajisafisha ndani kwa kitambaa na kidole, asubuhi na jioni. Yalimchoma mpaka machozi yakamtoka, naye akaona vyema. Dawa isiyouma ni maji, alijiambia. Na damu ilipozidi, yeye akazidisha magadi, kama vile angezidisha moto kwenye kibuyu kikaidi.

Na huku akijiandaa kufa. Hakuna aliyejua, lakini kila alichokifanya miezi ile alikifanya kama mtu anayefunga mizigo. Alimshika binti yake Anjela, aliyekuwa amemaliza kidato cha nne na anasubiri matokeo, akaanza kumfundisha vibuyu kwa haraka isiyo ya kawaida. Anjela akisugua, mama yake anasimama nyuma yake, anarudisha kibuyu, anamwambia rudia. Anjela alilalamika kwamba anafundishwa kana kwamba mtihani ni kesho. Siku moja, bila sababu, Martina alimwonyesha yule mtamba wake mwekundu mwenye doa jeupe kwenye paji la uso, mtamba aliyepewa na baba yake mzazi, akamwambia kuanzia leo huyu ni wako.

Anjela alimtazama kwa muda. "Mama, nimefanya nini?"

"Kwani mtu akipewa ng'ombe lazima awe amefanya kitu?"

"Kwenye ukoo huu, ndiyo."

Martina alicheka, kisha akaenda nyuma ya nyumba na kukaa juu ya kuni mpaka moyo ukatulia. Aliona kila kitu siku zile. Aliona mtoto wake wa mwisho anavyolala mdomo wazi. Aliona Samweli ameanza kuchechemea mguu wa kulia. Akamwona bundi juu ya bati la jirani mchana kweupe, akaichukua hiyo nayo kama taarifa.

Mtu aliyemshtukia alikuwa Elieshi. Huyu alikuwa mwanamke wa Upareni aliyefika Babati na mumewe miaka mingi nyuma, akafungua duka la vyakula Maisaka, na watu walimwita Mama Aminiel kwa jina la mwanawe mkubwa. Alinunua maziwa kwa Martina kila siku, na Martina alinunua kwake sukari, chumvi, sabuni na magadi. Elieshi alikuwa mtu wa maneno mengi, lakini macho yake yalifanya kazi kuliko mdomo.

Asubuhi moja Martina alipomwaga maziwa kwenye sufuria ya duka na kuomba magadi, Elieshi hakupima. Aliegemea mizani.

"Mama Anjela, hebu niambie. Kwako mnapika makande asubuhi, mchana na jioni?"

"Tuko wengi."

"Magadi uliyonunua kwangu mwezi huu yanalainisha mahindi ya gereza zima. Halafu tangu umeingia hujakaa, na kiti kipo. Tangu juzi hukai."

Martina alijaribu kucheka, lakini kicheko kilikataa. Akatazama barabarani, akaona hakuna mteja anayekuja, na kwa mara ya kwanza akayasema. Aliyasema yote kwa mkupuo, damu, harufu, Hellen, beseni, huku ameshikilia kibuyu kitupu kifuani kama mtoto. Elieshi hakumkatiza. Alipomaliza, Elieshi alimwambia kwamba kituo cha afya wanapima akina mama mlango wa kizazi, bila malipo, na yeye mwenyewe alipimwa mwaka juzi na tena mwaka huu wakati dada zake wa kanisani walipohamasishana. Si jambo la kuchukua hata muda wa kuchemsha chai.

Martina alitikisa kichwa. Haendi. Hellen alikuwa anatembea, alisema, mpaka siku aliyoambiwa. Baada ya kuambiwa hakuinuka tena.

"Alikuwa anatembea? Wewe uliniambia walimbeba kwenye trekta."

Martina aligeuza kibuyu mikononi.

"Kilichomuua ni ile miezi ya kabla ya trekta," Elieshi alisema taratibu. "Ile aliyokaa kimya kama wewe hapa. Mficha uchi hazai, Mama Anjela."

"Mimi nimeshazaa watano. Wananitosha."

Hapo wote wawili wakacheka, na kicheko hicho ndicho kilichofanya kazi, maana Martina alipokuwa bado anapangusa macho Elieshi alikuwa ameshamwita kijana wa duka la jirani amwangalizie biashara, na ameshavaa kitenge cha kutokea. Magadi hakumuuzia. Alisema kwanza wakamwone muuguzi, mahindi yatasubiri.

Kwenye dirisha la mapokezi palitokea kisa kidogo. Karani, binti mwenye haraka, alimuuliza jina. Martina. Jina la mume? Samweli. Samweli nani? Martina akanyamaza. Kwa watu wake mke hatamki jina la baba mkwe, awe hai au amekufa. Tangu aolewe hakuwahi kulipitisha kinywani, hata kanisani. Karani aliuliza tena, akapandisha sauti, akidhani mama huyu hasikii. Watu kwenye benchi wakageuza shingo.

"Andika Samweli tu," Martina alisema. "Jina lingine atakuja kulisema mwenyewe."

Alisema hivyo ili ayamalize. Hakuwa na mpango wowote wa kumleta Samweli mahali pale.

Muuguzi alikuwa msichana anayeitwa Kindness, aliyempita Anjela miaka michache tu. Alimwamkia shikamoo kabla ya kumuuliza ugonjwa, na Martina alipoitikia marahaba alijisikia amerudi kuwa mtu mzima. Kindness alimweleza kila atakachofanya kabla ya kukifanya. Alimwonyesha kifaa cha kumfungulia, kinachofanana na mdomo wa bata. Alimwambia kuna siki, siki ya kawaida iliyopunguzwa ukali, atapaka kule ndani kwenye mlango wa kizazi na kusubiri kidogo. Penye hatari hugeuka pakawa peupe. Pasipo na hatari hapabadiliki.

Martina alilala, akajifunika uso kwa kanga, kisha akaifunua. Aliona afadhali atazame uso wa muuguzi. Mtu aliyezoea kusoma masikio ya ng'ombe hashindwi kusoma nyusi za binadamu. Na aliona wazi nyusi za Kindness zikikutana.

"Mama, unajisafisha na nini?"

"Na magadi."

"Nje au ndani?"

"Ndani. Nje kila mtu anaosha."

Kindness hakucheka wala hakugomba. Alipomaliza alimfunika, akavuta kiti, akakaa karibu na kichwa chake badala ya kukaa nyuma ya meza. Alisema mlango wa kizazi umevimba, umewiva, mwekundu kama jicho lililoingia pilipili. Ukiguswa kidogo unatoa damu, na ndiyo maana anatoka damu akilala na mumewe. Doa jeupe hakuliona. Lakini hakutaka kumdanganya: mahali palipochubuka namna ile hapasomeki vizuri, na hawezi kumwapia leo. Atachukua ute kidogo na damu vipelekwe maabara, atatibiwa, pakitulia atarudi wapake siki tena. Hapo ndipo watasema.

Kisha akamweleza kuhusu magadi, na hapa Martina alitega sikio kuliko mahali pengine. Kule ndani, alisema, hakuoshwi. Kunajiosha kwenyewe, kuna ute wa kazi hiyo. Ukitia sabuni unaufukuza huo ute. Ukitia magadi unachoma ngozi laini kama ya ndani ya mdomo, na ngozi iliyochubuka haina wa kuilinda. Harufu inaongezeka, unaosha zaidi, panachubuka zaidi.

Martina alitazama dari. Hakufikiria kibuyu. Alimfikiria ng'ombe wao mmoja aliyewahi kuvimba chuchu, na kijana mchungaji aliyekuwa akiisugua kwa majivu kila asubuhi ili ipate kuwa safi, na jinsi yeye Martina alivyomnyang'anya yale majivu na kumwuliza kama yeye angependa kidonda chake kisuguliwe hivyo. Alimwambia mtoto wa watu maneno makali siku ile. Ng'ombe alipoachwa, akakandwa kwa maji tu na kupewa dawa, alipona.

"Kibuyu ni kikavu," alisema, kama anajisemea. "Hakiumwi."

"Ndiyo, mama," Kindness alisema, ingawa hakujua kibuyu gani.

Majibu ya maabara yalikuja Martina akiwa bado kwenye benchi. Damu yake ilikuwa safi, lakini kwenye ute walikuta vijidudu, vya aina inayopita kati ya mke na mume. Daktari aliandika vidonge. Kindness alifafanua masharti: vidonge vyote mpaka viishe, hakuna kujisafisha ndani na kitu chochote, nje maji matupu yanatosha, na hakuna kulala na mume mpaka wote wawili wamalize dawa na pale pawe pamepoa. Wote wawili. Mume asipotibiwa, alisema, ni kama kujaza maji kwenye pakacha. Na akamwonya jambo moja kwa sauti ya chini. Vijidudu hivi vinaweza kukaa kimya kwa mtu muda mrefu sana, hata yeye mwenyewe asijue. Kwa hiyo wasikae kuulizana nani kaleta. Nyumba nyingi zimevunjika kwa swali hilo, na jibu halijulikani.

Martina alitoka pale hajahukumiwa na hajaachiliwa. Elieshi, aliyekuwa anamsubiri nje, alimuuliza kwa macho. Martina alimjibu kwamba bado hawajasema. Ila magadi basi.

Sasa ikabaki Samweli.

Samweli Gidamanyega hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu wa maneno machache aliyeamini kwamba hospitali ni mahali pa kupelekwa, si pa kwenda. Martina alibeba lile jambo kutwa nzima, akalilaza, akaamka nalo. Alijua akilisema ndani ya nyumba litakuwa ugomvi, kwa sababu ndani ya nyumba mwanamume hujiona anashtakiwa. Akasubiri wakati wa kukamua. Zizini Samweli alikuwa mtu mwingine.

Martina alikuwa amechuchumaa chini ya ng'ombe, Samweli ameshika ndama kwa sikio, jua ndiyo kwanza linachungulia. Martina hakugeuza uso.

"Baba Anjela, unakumbuka mwaka ule majike walipokuwa wanatupa mimba?"

Alikumbuka. Nani angesahau.

"Bwana mifugo alisemaje?"

Alisema majike wana ugonjwa.

"Na dume?"

Samweli alisema bwana mifugo alitaka dume naye achunguzwe. Dume alikuwa ananawiri, ngozi inang'aa, anakula kama mashine. Majirani walikataa kuchunguza madume yao, wakasema dume mzima hana kosa. Yeye Samweli alikubali, na kweli wakakuta anao. Zizi lake lilipona, ya majirani yakaendelea kupoteza ndama. Aliisimulia hadithi hiyo kwa fahari, kama alivyozoea kuisimulia kwenye pombe, na alipofika mwisho akasikia mwenyewe alichokuwa anasema. Sikio la ndama likamtoka mkononi.

Martina aliendelea kukamua. Alimweleza yote, polepole, kwa mlio uleule wa maziwa yanayopiga kibuyuni. Damu. Hellen. Magadi. Muuguzi. Vidonge. Alipofika kwenye ule ugonjwa wa kupita kati ya mke na mume, alisikia pumzi ya Samweli inabadilika.

"Nani kauleta?"

"Unaweza kukaa mwilini miaka mtu asijue. Muuguzi mwenyewe hajui. Mimi sikuulizi, na wewe usiniulize. Ninachokuuliza ni kimoja tu, unataka nipone au nimfuate Hellen?"

Samweli alitazama nje ya zizi, upande wa milimani. Ndama alijipatia chuchu na kuanza kunyonya bila ruhusa, na hakuna aliyemzuia.

"Yule dume," alisema hatimaye, "tulimchinja."

"Wewe sitakuchinja. Utameza vidonge tu."

Siku hiyo hakujibu, na iliyofuata alikula bila kunena, na Martina aliona kwamba chechemeo la mguu limezidi, kama kawaida yake akiwa na mawazo. Alijikaza asimsukume. Asubuhi iliyofuata alipokuwa anafunga vibuyu kwenda Maisaka alimkuta mlangoni mwa boma amevaa lile koti la misibani na harusini, fimbo mkononi, viatu vimepakwa mafuta ya kupikia vikang'aa. Hakueleza. Alichukua kibuyu kimoja, kazi ambayo wanaume wa ukoo ule hawaifanyi, akatangulia.

Kwenye dirisha alikuwepo karani yuleyule. Alimkumbuka Martina, na aliuliza kwa uchovu kama leo jina limepatikana.

Samweli aliinama mpaka uso wake ukajaa dirisha.

"Samweli Gidamanyega. Gidamanyega ni baba yangu. Mke wangu halitamki kwa sababu anamheshimu, kwa hiyo ukimwona tena usimpandishie sauti. Andika, halafu nionyeshe wanapotibu wanaume."

Kwenye benchi mzee mmoja aligonga fimbo sakafuni mara moja, kwa kuridhika. Martina alitazama miguu yake ili watu wasimwone anavyotabasamu. Tangu aolewe alikuwa amepewa vitu vingi na mume yule, mbuzi, vitenge, watoto, na hata bati la nyumba. Hakukumbuka kilichomfurahisha kama sentensi ile.

Dawa haikuwa ngumu. Ugumu ulikuwa kuacha beseni. Asubuhi za mwanzo mikono ilimwendea yenyewe kwenye kopo la magadi, na kwa kuwa hakujisafisha alijiona ananuka mpaka kwa wapita njia. Alikaa mbali na wateja. Alimwomba Anjela amnuse shingoni, na Anjela akamwambia ananuka moshi wa mzeituni, kama siku zote, na kwamba kama kuna jambo aseme. Martina akamwambia. Alimweleza kila kitu, pamoja na lile la magadi, kwa maneno ya wazi ambayo mama yake yeye hakuwahi kuyatumia kwake. Anjela alisikiliza mpaka mwisho, kisha akakiri kwamba wasichana bwenini walikuwa wanatumia sabuni ya unga, na mmoja dawa ya meno. Martina alishika kichwa. Akamtuma awaambie wote, siku hiyohiyo, kwa simu.

Halafu, taratibu, bila kupiga hodi, maumivu ya ile kamba yalilegea. Ute ukawa mwepesi. Siku moja alifua kanga zake na kuzianika, na alipozianua ndipo alipogundua kwamba hakuwa amezikagua. Alisimama nazo mkononi. Hakuthubutu kusema amepona, asije akauita ugonjwa urudi.

Alichofanya ni kupika makande. Yale magadi yaliyobaki kwenye kopo aliyatia yote kwenye chungu kikubwa na mahindi na maharage, kidogo kidogo, siku baada ya siku, mpaka watoto wakaanza kulalamika. Elieshi alialikwa, akala sahani mbili, akasema sasa ndiyo ameamini kwamba kwa Mama Anjela wanakula makande.

Siku ya kurudi kwa Kindness ilifika. Samweli alikuja hadi kwenye benchi, akakaa karibu na Elieshi, nao wawili wakaanza kubishana bei ya maharage kwa sauti ya watu wanaotaka kusahau kitu. Ndani, Martina alilala na hakujifunika uso hata kidogo. Kilikuja kile kifaa chenye mdomo wa bata, na safari hii hakikuuma. Ikaja siki, baridi kidogo. Kindness akasubiri. Martina alizitazama nyusi zake. Zilikuwa mbali mbali, kila moja mahali pake, na zikabaki hivyo. Halafu shavu moja likapanda.

"Pametulia, mama. Pamepona. Na siki imekauka bila doa. Hakuna kitu."

Martina hakusogea. "Nataka kuona."

Kindness alisita, kisha akafungua mtoto wa meza akatoa kioo kidogo cha kujitazamia, akakielekeza, akasogeza taa. Na hivyo Martina, ambaye maisha yake yote alikuwa amechungulia ndani ya vibuyu na kujua kwa jicho moja kipi kizima, alijiona mwenyewe. Palikuwa na kitu kidogo cha mviringo, laini, chenye rangi ya pua ya ndama aliyetoka kunyonya. Pale ndipo walipopita watoto wake watano. Pale ndipo alipopamwagia magadi. Alitazama mpaka akaridhika, na Kindness hakumharakisha.

"Pazuri," alisema.

Aliambiwa arudi kupimwa tena baada ya miaka mitatu, au mapema zaidi damu ikitoka bila wakati wake. Akasema miaka mitatu ikifika hatakuja peke yake. Naye hakungoja ifike. Kabla mvua za vuli hazijaanza alikuwa ameshawaleta wake wawili wa ndugu za Samweli, na mwanamke mmoja wa Sigino aliyekuwa jirani wa Hellen, ambaye alipinga njia nzima mpaka Martina akamwambia atamfunga kamba kama mbuzi. Mmoja wa wake hao aliulizwa jina la pili la mume kwenye dirisha, na kabla hajaanza kuhangaika karani alisema, bila kuinua kichwa, "Gidamanyega, najua. Pita."

Lakini siku ile yenyewe, alipotoka kwa Kindness, hakuhitaji kusema. Samweli alisimama alipomwona mwendo wake. Elieshi alianza kulia na kudai ni vumbi. Walirudi Nangara kwa miguu watu watatu, na Elieshi, ambaye duka lake lilikuwa upande mwingine kabisa, aliwasindikiza mpaka getini kwa sababu hakutaka siku ile iishe.

Anjela alikuwa nyuma ya nyumba anatikisa kibuyu chenye kijinga, moshi unafuka kutoka kibuyuni. Aliwaona, akaweka kibuyu chini, akamkimbilia mama yake, na wakashikana kwa muda mrefu kiasi kwamba kijinga kilizima. Martina ndiye aliyegundua kwanza.

"Kirudie hicho," alisema. "Kimezima. Taratibu tu, hakuna haraka."

Anjela akaokota kibuyu. Alikuwa anacheka na pua imejaa. Zizini nyuma yake yule mtamba mwekundu mwenye doa jeupe alikuwa amesimama anajilamba ubavu, ana mimba sasa, tumbo limeanza kuonekana.

"Na mtamba wangu, umemwona alivyonenepa?" Anjela akauliza.

Martina alimtazama mtamba. Akamtazama binti yake.

"Mtamba wako yupi?" alisema. "Huyo ni wangu. Mimi sijafa."